Binti anataka kusoma magonjwa kwa njia ya jeni: tumjibu nini?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakishatoka, furaha ya kurushiana poda hudumu siku mbili au tatu. Kisha yanaanza mazungumzo ya usiku kati ya baba na mama: mtoto aende kusoma nini, na franga zitoke wapi? Safari hii wamama watatu wa makundi yetu wameniuliza juu ya jambo moja. Binti zao wanasema wanataka kwenda chuo kikuu kusoma biolojia ya molekyuli, kusudi wajifunze kupima magonjwa kwa njia ya jeni. Mmoja wao aliniuliza wazi: "Mwalimu, ni miaka mitano ya kuchoma watu sindano kwenye kidole?"

Swali lake ni zuri. Mtu anayetoa franga anapashwa kujua analipia nini. Mimi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na ninajua kwamba masomo haya yanagusa nyumba zetu kuliko tunavyofikiri. Basi leo nitaeleza polepole, sawa ninavyoeleza darasani.

Jicho lina mipaka

Katika vituo vingi vya afya, mtu wa labo anatafuta ugonjwa kwa macho. Anachukua tone la damu, analitandaza juu ya kioo, anatia rangi, kisha anatazama ndani ya mikroskopi. Kama malaria imo, anaiona. Kazi hiyo ni nzuri na itaendelea. Lakini mikrobe zikiwa chache, jicho linazipita. Virusi navyo ni vidogo mno, mikroskopi ya kituo cha afya haivioni kabisa. Tena kuna magonjwa yasiyo na mikrobe yoyote: mtoto anayo mwilini tangu siku alipotungwa tumboni.

Biolojia ya molekyuli inatafuta kwa njia nyingine. Kila kiumbe kina maandishi ndani yake, yanayoitwa ADN. Maandishi hayo yana herufi nne tu, A, T, G na C, lakini mpangilio wake ndio unaotofautisha mtu na mbuzi, na mbuzi na mikrobe ya kifua kikuu. Kipande cha maandishi chenye kazi yake ndicho kinachoitwa jeni. Fikirini karatasi ambayo mama amemwandikia binti yake namna ya kupika sombe. Mahali pa "chumvi" pakiandikwa "sukari", neno moja tu, chungu chote kinaharibika. Hata mwilini ni hivyo.

Kwa hiyo, badala ya kutafuta sura ya mikrobe, mtu wa labo anatafuta sentensi yake. Anachagua kipande kifupi cha maandishi ambacho hakipatikani kwa kiumbe kingine. Akikikuta katika damu au katika makohozi ya mgonjwa, anajua adui ni nani.

Fotokopi mpaka ionekane

Shida ni kwamba sentensi hiyo inaweza kuwa moja tu kati ya mamilioni, sawa na punje moja ya maharage ndani ya gunia la mahindi. Mwaka 1983, Mmarekani mmoja, Kary Mullis, alipata wazo la kuifanyia fotokopi. Njia hiyo inaitwa PCR, na mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia juu yake.

Mashine inapasha moto mpaka nyuzi mbili za ADN ziachane. Inapoza kidogo, na vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa makusudi vinashika mahali pa sentensi inayotafutwa. Kisha enzime moja inaandika upande uliokosekana. Mahali palipokuwa na nakala moja, sasa ziko mbili. Mashine inarudia: 4, 8, 16, 32. Baada ya zamu 30, nakala moja imezaa zaidi ya miliari 1. Ugonjwa uliokuwa umejificha hauna tena pa kujificha. Na enzime isiyoharibika kwa moto ilitoka wapi? Ilitoka kwa mikrobe inayoishi katika maji moto ya Yellowstone, kule Marekani, maji yanayochemka kutoka ardhini kama yale ya huku kwetu Kivu.

Lakini njia yenye nguvu namna hiyo ina hatari yake. Kama inaweza kuona nakala moja, itaona pia uchafu wa nakala moja uliotoka kwenye glavu ya mpimaji. Mgonjwa wa kitanda cha tatu atapewa ugonjwa wa kitanda cha pili. Ndiyo sababu mwanafunzi anafundishwa kutenga vyumba, kubadilisha glavu, na kuweka kila mara kichupa kimoja ambacho anajua hakina kitu. Kichupa hicho kikionyesha ugonjwa, kazi yote ya siku inatupwa na kuanzwa upya. Ninasema hivi kusudi muelewe kwamba masomo haya yanafundisha uaminifu kwanza, kisha mashine.

Mahali yanapogusa nyumba zetu

Kifua kikuu. Zamani, kama mikroskopi haikuona kitu, ilibidi kuotesha mikrobe katika labo na kungoja majuma mengi. Kuanzia Desemba 2010, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikubali mashine inayoitwa GeneXpert. Kwa muda usiofika saa mbili inasema kama kifua kikuu kimo katika makohozi, na kama mikrobe hiyo imezoea dawa ya rifampisini. Kwa mama anayelala kitanda kimoja na watoto watatu, tofauti kati ya saa mbili na majuma mengi ni tofauti kati ya mgonjwa mmoja na wagonjwa wanne.

Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi vya Sida. Kipimo cha kawaida kinatafuta askari ambao mwili umetengeneza kupambana na virusi. Lakini mtoto anazaliwa na askari wa mama yake, na wanaweza kubaki ndani yake mpaka karibu miezi 18. Kipimo kitasema "ndiyo" hata kama mtoto ni mzima. Wamama wengi wamelia bure juu ya jambo hili. PCR inatafuta virusi vyenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza kupimwa akiwa na majuma 4 mpaka 6, kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa juu ya karatasi. Aliye nacho anaanza dawa mapema, na anaishi.

Kansa ya shingo la kizazi. Karibu kila mara inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Leo kuna kipimo kinachotafuta ADN ya virusi hivyo kabla kansa haijaonekana, na Shirika la Afya Ulimwenguni linakishauri kwa wanawake kuanzia miaka 30. Mwanamke anaweza hata kujichukulia mwenyewe sampuli, mahali pa faragha. Mahali ambapo kipimo hicho hakijafika, muuguzi anaweza kutazama kwa kutumia siki. Wamama, muulize kwenye kituo chenu.

Kisha Ebola. Mwaka 1976, wakati Profesa Jean-Jacques Muyembe alipofika Yambuku, damu ya wagonjwa ilibidi ipelekwe mpaka Ubelgiji kusudi ugonjwa ujulikane. Mwaka 2018, Ebola ilipokuja Kivu ya Kaskazini na Ituri, damu ilikuwa inapimwa Beni na Butembo penyewe, na vijana wetu wenyewe wakiwa mbele ya mashine. Janga hilo lilidumu mpaka Juni 2020 na lilichukua watu 2287. Mtakumbuka lawama: "Walimpima, wakasema hana, juzi wakampima tena, wakasema anayo. Wanatudanganya!" Hawakudanganya. Siku za kwanza za homa, virusi bado ni vichache katika damu na PCR inaweza kuvikosa. Ndiyo sababu sheria ilisema kupima tena kisha saa 72 tangu dalili zianze. Kama katika kila mtaa kungekuwa na binti mmoja aliyesoma mambo haya, wa kuyaeleza kwa lugha ya mama yake, sijui ni mawe mangapi yangebaki chini bila kurushwa.

Mpox nayo inajulikana katika nchi yetu tangu 1970, wakati mtoto wa miezi 9 alipougua Basankusu. Lakini ile iliyotokea Kamituga mwaka 2023 ilikuwa imebadilika. Wachunguzi, wakiwemo Wakongo wa taasisi ya INRB, waliposoma maandishi ya virusi hivyo waliona kwamba kipande kimoja kimepotea, tena ni kile ambacho kipimo kimoja kilikuwa kinakitafuta. Kipimo hicho hakingeweza kuvitambua. Mtu anayejua kubonyeza kitufe tu angesema: "Hakuna." Mtu aliyesoma anauliza: "Mgonjwa ana vipele, mashine inakataa, juu ya nini?" Hapo ndipo miaka ya chuo kikuu inapoonekana.

SS, na lawama inayomwangukia mama

Nimeacha ugonjwa wa SS, ule ambao waganga wanauita drepanositozi, mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu unavunja nyumba.

Ni herufi moja tu imebadilika katika jeni inayotengeneza wekundu wa damu. Chembe za damu, badala ya kuwa mviringo, zinajipinda kama mundu, zinakwama katika mishipa, na mtoto analia mifupa. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili nzuri ni AA. Mwenye moja nzuri na moja iliyobadilika ni AS: kwa kawaida haugui, na mara nyingi hajui. Mwenye mbili zilizobadilika ni SS.

Baba AS na mama AS wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA. Angalieni neno "kila mimba". Haina maana kwamba mtoto mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wako salama. Hesabu inaanza upya kila mara.

Sasa, ni mara ngapi tumesikia: "Kwetu hakuna ugonjwa huo, mwanamke ndiye ameuleta"? Mtoto hawezi kuwa SS kwa jeni ya mama peke yake. Amepata moja huku na moja kule. Kumfukuza mama hakutoi jeni katika damu ya baba. Akioa mwanamke mwingine AS, hesabu ni ile ile. Wala si uchawi, wala si laana ya ukoo. Jeni hiyo imekaa katika nchi zetu kwa sababu mwenye AS anajikinga vizuri zaidi na malaria kali, basi mababu walioibeba waliishi na kuzaa.

Kipimo kipo, na kinafanywa katika hospitali kubwa nyingi. Wachumba wapimwe kabla ya mahari, si baada ya mtoto wa pili kulazwa. Mtoto anayejulikana mapema anapata chanjo, dawa za kumkinga, maji ya kutosha na uangalizi, na anaweza kukua na kusoma. Tena mjue kwamba mwaka 2020 tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa wanawake wawili, Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa na Jennifer Doudna wa Marekani, juu ya njia ya kurekebisha jeni. Mwishoni mwa 2023, matibabu ya SS yaliyotoka katika njia hiyo yalikubaliwa Uingereza na Marekani. Bei yake bado haifikiwi na watu wetu. Lakini ni vizuri binti zetu wajue kwamba mlango huo ulifunguliwa na wanawake.

Atasoma nini, na kwa miaka mingapi?

Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3, na masta inaongeza miaka 2. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni kemia, biolojia, fizikia na hesabu. Hapo wengi wanaanguka. Baadaye zinakuja biokemia, mikrobiolojia, jenetiki na masomo ya kinga ya mwili. Biolojia ya molekyuli inafuata, pamoja na staji katika labo ya hospitali. Anapashwa pia kuzoea kompyuta, kwa sababu maandishi ya ADN ni marefu, hayasomwi kwa macho.

Milango ni mingi: biolojia katika fakulte ya sayansi, biolojia ya kitiba katika chuo cha ufundi wa kitiba, ISTM, au hata udaktari kwanza. Aliyemaliza kemia na biolojia, ile wanafunzi wanaita bioshimi, anaanza na miguu miwili. Aliyetoka mkondo mwingine ataanza na mzigo mzito, aambiwe mapema. Na wenye binti wadogo, wa mwaka wa pili au wa tatu wa sekondari, sikieni: uamuzi huu unafanyika sasa, siku anapochagua mkondo. Binti anayeambiwa "hesabu ni ya wavulana" akiwa na miaka 13 hatapata labo akiwa na miaka 20.

Franga, kaka na dada

Nilimfundisha binti mmoja aliyepita wenzake wote katika kemia. Alipata diploma ya Serikali pamoja na kaka yake, mwaka mmoja. Franga za nyumbani zilitosha mtoto mmoja tu. Kaka, ambaye alama zake zilikuwa za chini, alipelekwa chuo kikuu. Dada aliambiwa angoje. Anauza mafuta na sabuni sokoni, na anaiuza vizuri, lakini miaka minne imepita na bado anangoja. Wazazi wake si wabaya. Walifanya ambavyo jirani wote wanafanya, wakisema binti ataolewa na faida itakwenda kwa watu wengine.

Mimi ninauliza: siku Ebola iko mtaani, faida ya binti anayejua kupima inakwenda kwa nani? Mjukuu akilia mifupa usiku, nani atamwambia mkwe wake ukweli juu ya AS na AS bila ugomvi? Sisemi binti apendelewe kuliko kaka yake. Ninasema tutazame alama na nia, kisha tuamue. Franga kidogo zinapashwa kwenda mahali zitakapozaa.

Na sitawadanganya. Diploma peke yake haileti kazi. Mashine hizi ziko zaidi katika miji na hospitali kubwa, umeme unakatika, na vifaa vyake vinatoka mbali. Wengi wanaanza katika labo ya kawaida, kwa mshahara mdogo. Anayetafuta utajiri wa haraka atafute mahali pengine. Lakini kila hospitali inahitaji labo, na mtu anayeelewa njia mpya na za zamani hakosi mahali pa kusimama.

Kabla ya kulipa minervali

Mwende wenyewe chuoni, mama pamoja na binti, mkaulize maswali haya. Labo ya wanafunzi iko wapi, na tunaweza kuiona? Wanafunzi wanashika vifaa kwa mikono yao, au wanachora ubaoni tu? Staji inafanyika hospitali gani, na nani anailipia? Diploma inatambuliwa na Serikali? Mbali na minervali, mwaka mzima utaomba nini: silabusi, koti jeupe, glavu, usafiri, kitabu cha mwisho wa masomo? Muandike majibu, kisha mlinganishe vyuo viwili au vitatu. Chuo kinachokataa kuonyesha labo yake kimekwisha kuwajibu.

Binti naye aulizwe swali moja: anaweza kutunza siri? Mtu wa labo anajua nani ana virusi, nani ni AS, nani amepoteza mimba. Kama anapenda kusimulia mambo ya watu kisimani, amalize kwanza tabia hiyo.

Makundi yenye kasha la akiba yanaweza kufanya jambo moja wiki hii. Mwandike majina ya mabinti wa kundi lenu waliopata diploma ya sayansi na wamekaa nyumbani, miaka yote, si mwaka huu tu. Mwangalie kama kasha linaweza kukopesha minervali ya mmoja, kwa kurudisha polepole, sawa tunavyokopeshana mtaji wa biashara. Mniletee majina hayo siku ya mkutano. Nitakaa na kila binti tutazame alama zake za kemia na hesabu, na atakayehitaji marudio kabla ya chuo kufunguliwa, nitamfundisha Jumamosi baada ya saa sita, bila malipo. Aje na daftari na kalamu.